Namna ya kupanga bei ya mfarishi wa vitenge

Mtu akikuuliza, "Dada, duveti la vitenge la 6 kwa 6 unashona bei gani?", usimjibu palepale. Bei inayotajwa kabla ya hesabu karibu kila mara huwa ndogo, kwa sababu kichwani tunaona kitambaa tu. Tunaona yadi nane za kitenge, tunaona pamba, tunaongeza kidogo ya ufundi, basi. Hatuoni siku nzima nzima za kukaa kwenye cherehani, wala pasi, wala magoti yanayouma baada ya kupiga bandi sakafuni, yaani kushikiza matabaka kwa mishono ya muda. Mfarishi, yaani hilo duveti la viraka, ni kazi ya muda kwanza, kitambaa baadaye, na hesabu yote hapa chini inaanzia hapo.

Nitakwenda na mfano mmoja: mfarishi wa kitanda cha 6 kwa 6, juu viraka vya kitenge, katikati pamba, chini kitambaa cha shuka, unaoshonwa kwa cherehani na fundi wa Dar es Salaam anayenunua vitu vyake Kariakoo. Bei za vifaa nilizoweka ni za kufanyia hesabu. Weka za kwako, tena za wiki hii, maana bei ya kitenge haikai.

Hatua ya 1: Vipimo kwanza

Mfarishi wa 6 kwa 6 hautoshi kitanda cha 6 kwa 6. Lazima ushuke pembeni, na kiasi cha kushuka kinategemea godoro. Muulize mteja godoro lake ni la inchi ngapi. Kwa godoro la inchi 8, mfarishi ukishuka inchi 9 kila upande unalifunika lote na inabaki kidogo. Kwa hiyo unashona inchi 90 kwa 90, yaani futi 7 na nusu kila upande. Akisema godoro ni la inchi 12, hesabu inabadilika kuanzia hapo hapo.

Pamoja na godoro, uliza mambo manne na uandike majibu: viraka viwe na ukubwa gani, kitenge kiwe cha pamba au cha polista, juu pashonwe mistari iliyonyooka au maua (ile mishono inayoshikanisha matabaka yote matatu), na mzigo unatakiwa lini. Mteja akisema "wewe nishonee tu kizuri", mrudishe taratibu kwenye maswali. Mtumie picha mbili tatu achague. Mteja ambaye hakuchagua ndiye anayekuja siku ya kuchukua akasema alitegemea viraka vidogo kama vya kwenye picha aliyoiona kwa shoga yake.

Hatua ya 2: Kitambaa, kwa yadi na si kwa macho

Tuseme amechagua viraka vya inchi 6. Inchi 90 ukigawa kwa 6 unapata 15, kwa hiyo unahitaji viraka 15 kwa 15, jumla 225. Kila kimoja unakikata inchi 6 na nusu, kwa sababu robo inchi kila upande inaliwa na mshono. Kitenge kina upana wa karibu inchi 45, na ukiondoa ukingo unabaki na 44 hivi, ambapo vinatoka viraka 6 kwa mstari mmoja. Viraka 225 ni mistari 38. Mistari 38 ya inchi 6 na nusu ni inchi 247, karibu yadi 7. Nunua yadi 8. Ile ya ziada ni kwa ajili ya kiraka kitakachokatwa vibaya, ua litakaloangalia chini, na kitambaa kitakachosinyaa kikifuliwa.

Na kifuliwe kweli kabla ya kukata, kila rangi peke yake. Vitenge vingi huja vimetiwa wanga, vinaonekana vizito dukani, vikiguswa na maji vinalegea. Nyekundu na buluu iliyokolea ndizo za kuogopa zaidi. Loweka kipande, kikamue juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha alama, endelea kukisuuza mpaka maji yatoke safi, au kiondoe kwenye kazi. Mfarishi uliochuja rangi kwenye shuka jeupe la mteja hauna bei.

Kwa chini, kitambaa cha shuka chenye upana wa mita 2.5 kinakuokoa, kwa sababu hakina haja ya kuungwa. Mita 2.5 zinatosha na kubakiza ukingo wa kuvutia wakati wa kupiga bandi. Pamba ya kutandaza inayouzwa kwa mita, ikiwa na upana wa mita 1.5, utahitaji mita 5, vipande viwili vilivyoungwa ubavu kwa ubavu. Pindo la kuzunguka lina urefu wa inchi 360, ongeza kidogo kwa ajili ya kona na maungio. Yadi moja ya kitenge inatosha kukata utepe wa inchi 2 na nusu na kubaki.

Kwa bei za mfano, vifaa vinasomeka hivi:

Kitenge cha juu, yadi 8 kwa 5,000: shilingi 40,000
Kitenge cha pindo, yadi 1: 5,000
Kitambaa cha chini, mita 2.5 kwa 10,000: 25,000
Pamba, mita 5 kwa 5,000: 25,000
Uzi na sindano: 7,000
Nauli ya Kariakoo: 4,000
Jumla: shilingi 106,000

Usiiache nauli nje. Na ukitaka vitenge sita tofauti kwenye mfarishi mmoja, dukani huenda wasikukatie yadi moja moja. Utanunua zaidi ya unachohitaji, na mabaki yanakaa kwako. Mabaki hayo mteja asilipishwe yote, lakini yakae kwenye daftari kama mali uliyokwisha kuilipia. Siku utakapoyatumia kwa mteja mwingine, yatoze.

Hili linagusa pia vipande vinavyookotwa kwa mafundi wa magauni. Wengi huvihesabu sifuri kwa kuwa havikununuliwa. Lakini umevifuata, umevichambua vya polista mbali na vya pamba, umevifua, umevinyoosha, na nusu yake umevitupa kwa kuwa vimekatwa mshazari. Mimi navitoza nusu ya bei ya yadi kwa kiasi kinachoingia kwenye kazi, na sioni sababu ya kushuka chini ya hapo.

Hatua ya 3: Saa za kazi

Hapa ndipo pesa yako ilipo. Chukua daftari, shona mfarishi mmoja, na kila hatua andika umeanza saa ngapi, umemaliza saa ngapi. Ukienda kumhudumia mtoto au kupokea simu, simamisha hesabu. Usikisie, tukikisia tunakumbuka cherehani na kusahau pasi.

Kwa fundi mwenye uzoefu, mfarishi wetu wa mfano unaweza kwenda hivi:

Kufua, kuanika na kunyoosha vitambaa: saa 1 na nusu
Kupima na kukata viraka 225: saa 2 na nusu
Kupanga rangi sakafuni: saa 1
Kuunga viraka: saa 8
Kupiga pasi mishono: saa 2
Kutandaza matabaka matatu na kupiga bandi: saa 2
Kushona mistari ya juu: saa 6
Kuweka pindo: saa 3
Kukata nyuzi, kukagua, kukunja: saa 1
Jumla: saa 27

Angalia vizuri orodha hiyo. Kuunga, kule tunakokuita ndiko kushona, ni saa 8 tu kati ya 27. Zile saa 19 nyingine ndizo zinazotolewa bure na mafundi wengi.

Sasa saa moja yako ni shilingi ngapi? Anza na kipato unachokitaka kwa mwezi, kisha gawanya. Mahali pazuri pa kuanzia panajulikana: tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma Tanzania ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Mtu anayejua kuunga viraka 225 pembe zote zikakutana, naamini kabisa hapaswi kujipangia chini ya hapo.

Kosa la kawaida ni kugawa hiyo 500,000 kwa saa zote ulizo macho. Siku ya kazi ina kwenda Kariakoo, kujibu meseji, kusubiri umeme urudi, kumpokea mteja aliyekuja kuangalia tu. Fundi wa kazi za oda akipata saa 5 safi za kazi kwa siku, siku 20 za mwezi, amejitahidi. Hizo ni saa 100. Laki tano kwa saa 100 ni shilingi 5,000 kwa saa. Saa 27 zinakuwa shilingi 135,000.

Hesabu hiyo hiyo inakupa jibu la swali la "utamaliza lini?" Saa 100 kwa mwezi ni kama 25 kwa wiki, kwa hiyo mfarishi mmoja unakula zaidi ya wiki nzima hata kama huna oda nyingine. Ahidi wiki mbili. Kama una foleni, hesabu kuanzia mwisho wa foleni.

Hatua ya 4: Gharama ambazo mteja hazioni kitandani

Pango la kibanda, umeme wa LUKU, bando la kutuma picha, mafuta ya cherehani, servisi, mkasi wa kunoa, pasi inayoungua kila baada ya muda. Na cherehani yenyewe: kama umeinunua 600,000 na unategemea miaka 5, kila mwezi imekula 10,000. Jumlisha yote ya mwezi, gawanya kwa zile saa 100. Tuseme pango 50,000, umeme 15,000, bando na vocha 15,000, cherehani 10,000, servisi na vifaa vidogo 10,000. Inakuja 100,000, yaani shilingi 1,000 kwa kila saa ya kazi. Kwa mfarishi wetu, 27,000.

Anayeshonea sebuleni kwake asiweke pango sifuri. Kile chumba kingeweza kupangishwa, na siku biashara ikikua akahamia barabarani, bei yake itamkataa. Weka hata nusu ya pango la kibanda cha mtaani kwako.

Hatua ya 5: Faida, kisha bei

Vifaa 106,000, kazi 135,000, gharama za kuendesha 27,000: jumla 268,000. Hiyo bado si bei. Hiyo ndiyo namba ambayo ukiuza kwayo umelipwa mshahara lakini biashara haijapata kitu. Biashara inahitaji chake: cha kununua pamba roli zima ikiwa rahisi, cha kuvukia mwezi usio na oda, cha kubeba hasara ya mteja asiyerudi kuchukua mzigo. Mimi naona asilimia 15 ndiyo ya kuanzia. Asilimia 15 ya 268,000 ni 40,200, jumla 308,200. Andika 310,000.

Namba hiyo inawatisha wengi wakiiona mara ya kwanza, na kishawishi ni kuanza kuipunguza kwa kupunguza saa za kazi kwenye karatasi. Usiziguse. Saa hazipungui kwa kuandikwa chache. Kama bei ni kubwa kuliko soko lako, kinachobadilishwa ni mfarishi wenyewe, na hilo nalifikia chini.

Bei ya futi, kwa kujibu haraka

Ukishapata bei ya mfarishi mmoja uliopimwa kwa daftari, itafute bei ya futi ya mraba. Futi 7.5 mara 7.5 ni futi za mraba 56.25. Bei 310,000 kwa 56.25 ni kama 5,500 kwa futi. Sasa mteja wa kitanda cha 3 na nusu kwa 6, anayehitaji mfarishi wa futi 5 kwa 7 na nusu, unaweza kumjibu ndani ya dakika: futi 37.5 mara 5,500, kama 206,000.

Njia hii inadanganya kwenye vitu vidogo. Kiblanketi cha mtoto cha futi 3 kwa 4 kina futi za mraba 12, ambazo kwa 5,500 zinaleta 66,000. Eneo lake ni kama moja ya tano ya mfarishi mkubwa. Lakini pindo lake linazunguka futi 14, na la mfarishi mkubwa futi 30, karibu nusu. Safari ya Kariakoo ni ile ile, mazungumzo na mteja ni yale yale, kona za pindo ni nne kwa nne. Kwa hiyo vitu vidogo vipangie bei yake ya chini kabisa ambayo hushuki, uliyoipata kwa kupima saa za kiblanketi kimoja.

Viraka vidogo, na kazi ya mkono

Hapa ndipo pa kuelewa kwa undani, maana ndipo mteja na fundi wanapokosana bila mmoja wao kuwa na nia mbaya.

Chukua mfarishi ule ule wa inchi 90 kwa 90, badilisha viraka kutoka inchi 6 kuwa inchi 3. Kitambaa kinaongezeka kama nusu yadi tu. Mteja akiangalia anaona kitenge kile kile, ukubwa ule ule, hivyo bei iwe ile ile. Lakini viraka vimetoka 225 vikawa 900. Mishono ya kuunga, ambayo ilikuwa na urefu wa yadi 70, imekuwa yadi 145. Na sehemu ambapo pembe nne zinakutana, pale panapopimwa ufundi wa mtu, zimetoka 196 zikawa 841. Kila moja ya hizo inabidi uishike kwa pini, uelekeze mshono mmoja kushoto na mwenzake kulia ili isipandane, uipitishe polepole chini ya mguu wa cherehani. Pembe moja ikipishana kwa upana wa uzi haionekani. Zikipishana kumi kwenye mstari mmoja, mstari mzima unakuwa mfupi kuliko jirani yake na lazima ufumuliwe.

Kwa hiyo uwe na bei mbili au tatu za futi: ya viraka vya inchi 9, ya inchi 6, na ya inchi 3, kila moja imepimwa kwa saa zake halisi. Usiwe na bei moja ya viraka vyote.

Kushona mistari ya juu kwa mkono ni bidhaa nyingine kabisa. Mfarishi wa 6 kwa 6 kwa mishono ya mkono iliyokaribiana unaweza kuchukua saa 60 na zaidi kwa hatua hiyo peke yake. Wasidi wa jimbo la Karnataka nchini India, ambao asili yao ni Afrika, wana mifarishi yao ya viraka iitwayo kawandi, inayoshonwa yote kwa mkono kuanzia pembeni kuelekea katikati, na ukiziangalia safu za ile mishono huulizi tena kwa nini haiwezi kulingana bei na ya cherehani. Kama unajua kazi hiyo, iuze kwa jina lake na bei yake. Usiiingize kama nyongeza ya bure ili mteja afurahi.

Mteja akileta kanga zake

Hii inakuja zaidi na zaidi: mtu anakuja na mfuko wa kanga za mama yake marehemu, anataka mfarishi wa kumbukumbu. Ni kazi nzuri kuliko zote, na inahitaji uangalifu kwenye bei, kwa sababu mteja anaamini kwa kuwa kitambaa ni chake atalipa pungufu sana.

Fanya hesabu mbele yake. Kitenge cha 40,000 kinatoka, sawa. Lakini kanga ni nyepesi kuliko kitenge, na ya zamani imechoka katikati pale ilipokuwa ikifungwa kiunoni kila siku. Lazima kila kipande kikaguliwe kwenye mwanga, na vilivyochoka viwekewe kitambaa chepesi cha gundi kwa nyuma. Tuseme saa 4 za ziada, ambazo kwa 6,000 ya saa (kazi pamoja na gharama za kuendesha) ni 24,000, na kitambaa cha gundi 12,000. Jumla 36,000. Umetoa 40,000, umerudisha 36,000, bei iko karibu pale pale.

Kisha kuna jina la kanga. Mteja karibu kila mara atataka maneno yabaki yakisomeka, na maneno hayaingii kwenye kiraka cha inchi 6. Njia nzuri ni kuyakata kama mkanda mrefu na kuyapanga pembeni au kuvuka katikati, ila inabadilisha mpango wote wa viraka. Chora kwanza, mwonyeshe, akubali kwa maandishi, ndipo uguse mkasi. Kanga hizo haziuzwi tena popote. Kwa sababu hiyo hiyo mimi kazi ya aina hii sitozi kwa futi. Naitoza kwa saa zilizokadiriwa, na namwambia mteja mapema.

Kupatana bila kujiumiza

Mteja kuomba apunguziwe si tusi, ndivyo tunavyonunua vitu. Jambo la kushika ni hili: ukipunguza pesa, punguza na kazi. Mazungumzo yaende hivi:

"Mwanangu, laki tatu na kumi kwa shuka la viraka? Kariakoo duveti zima silipati kwa bei hiyo?"

"Unalipata mama, na ni zuri. Hili nalishona mwenyewe, saa 27, na rangi unachagua wewe. Ulikuwa umepanga kiasi gani, nikutafutie kinachowezekana?"

"Nina laki mbili na sabini."

"Sawa mama. Tuweke viraka vya inchi 9 badala ya 6. Ukubwa unabaki ule ule na vitenge vile vile, ila viraka vinakuwa 100 badala ya 225. Hiyo naimaliza kwa 270,000."

Angalia namba hiyo imetoka wapi. Viraka vya inchi 9 vinaokoa kama saa 6 kwenye kukata, kupanga, kuunga na kupiga pasi. Saa 6 kwa 6,000 ni 36,000, na faida yake 5,400, jumla 41,400. Mteja amepata nafuu, fundi hajapoteza kitu. Njia nyingine za namna hiyo ni kuachanisha mistari ya juu, kupunguza aina za vitenge, au kuondoa kushuka kwa upande wa kichwani.

Usimbishie mteja kuhusu duveti la dukani. Seti za kiwandani zipo na zinaweza kuuzwa chini hata ya gharama ya vifaa vyako. Anayetaka kitu cha kujifunika tu anunue hiyo, na mwambie hivyo kwa heshima.

Ndugu na marafiki wapewe bei ile ile. Shangazi akitaka kusaidiwa, msaidie kwa muda wa kulipa, alipe mara tatu. Na kama unataka kumzawadia mtoto wa dada yako kwenye harusi yake, mpe zawadi nzima, bila kumtoza kitu. Nusu bei humfanya mpokeaji aone amelipa, na mtoaji aone ametoa bure, na wote wawili wanabaki na dukuduku.

Advansi na maandishi

Chukua nusu kabla ya kwenda sokoni. Kwa mfano wetu 155,000, ambayo inalipa vifaa vyote na kubakiza 49,000 ya kazi. Asiyetoa advansi hajaweka oda. Inayobaki ilipwe mzigo ukiwa tayari, kabla haujapanda bodaboda au basi. Usafiri uandike peke yake. Usiuchanganye na bei.

Meseji ya makubaliano isiwe ndefu. Kwa mfano: "Shikamoo mama. Oda yako: mfarishi inchi 90 kwa 90, viraka vya inchi 6, vitenge vya pamba rangi ya chungwa, kijani na krimu, chini shuka la krimu, mistari iliyonyooka. Bei 310,000. Advansi 155,000 kwa lipa namba, inayobaki siku ya kuchukua. Utakuwa tayari wiki mbili baada ya advansi. Ukibadilisha rangi baada ya vitambaa kununuliwa, gharama ya vitambaa vipya itaongezeka. Ukikubali nijibu 'nimekubali'."

Anayetaka haraka, kwa mfano kichenpati ya Jumamosi hii, atalipa zaidi, kwa sababu utakesha na utawasogeza wengine. Robo ya bei juu ni haki. Kama foleni haikuruhusu, kataa.

Dukani na kwa wageni

Duka la hoteli au la vitu vya mikono Mji Mkongwe likikwambia linachukua asilimia 40 ya bei ya kuuza, usiongeze asilimia 40 juu ya bei yako. Ukifanya hivyo 310,000 inakuwa 434,000. Duka linachukua 173,600, wewe unabaki na 260,400, chini ya ile 268,000 ya gharama. Hesabu sahihi ni kugawa: 310,000 gawanya kwa 0.6, kama 517,000. Andika 520,000. Kisha jiulize kama duka hilo linaweza kuuza kwa bei hiyo, na kama wewe mwenyewe huko nje unauza kwa 310,000, maana mwenye duka akigundua atarudisha mzigo. Bei ya rejareja iwe moja kila mahali, au duka lipewe aina ambayo wewe huiuzi moja kwa moja.

Kwa watalii, andika bei kwa shilingi. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutangaza bei ya bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni.

Kupandisha bei

Kila baada ya miezi mitatu rudi kwenye daftari. Angalia bei mpya ya kitenge na pamba, na linganisha saa ulizokadiria na ulizotumia kweli. Ukikuta mistari ya juu inakula saa 8 na si 6, bei irekebishwe hata kama hakuna mteja aliyelalamika wala kitambaa kilichopanda. Ukikuta umekuwa mwepesi zaidi, usishushe. Wepesi huo umeununua kwa miaka yako, na ndio unaokuruhusu kuongeza kiwango chako cha saa. Kama wote wanaouliza wanakubali bila kupepesa, foleni imefika miezi miwili, bei iko chini. Watangazie wateja wa zamani kwanza, wiki mbili kabla, bei mpya ianze tarehe 1 ya mwezi, na oda zote ambazo advansi imeshalipwa zimalizwe kwa bei ya zamani.